Siku Jua Lilipomeza Nusu ya Ujumbe

Kazini walimwita Sikio, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mwendeshaji wa redio katika kituo cha kuongozea ndege. Chumba chao hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na meza mbili ndefu, zulia lililoliwa na magurudumu ya viti, na kiyoyozi kisichojua kati na kati: ama kinakugandisha vidole, ama kimelala. Humo ndani Sikio alizungumza na ndege zilizokuwa juu ya bahari kuu, mbali mno kwa rada kuziona. Ndege nyingi mpya zilikuwa na vyombo vya setilaiti, lakini zile kuukuu zilitegemea redio ya mawimbi mafupi peke yake, ile inayorusha sauti juu angani ikadunda kwenye tabaka la juu la hewa na kushuka ng'ambo ya upeo wa macho. Sauti zilimfikia zikiwa zimechoka, zimejaa mikwaruzo na mlio kama wa mafuta yanayokaangwa. Pale ambapo wenzake walisikia fujo tupu, yeye alisikia mtu.

Kipaji hicho alikipata mapema. Bibi yake, aliyemlea, alikuwa amepungukiwa na usikivu, na tangu utotoni Sikio ndiye aliyekuwa akimrudishia maneno ya watu: mgeni anasema hivi, daktari anauliza vile. Alijifunza kusoma midomo, kukisia neno lililopotea, na kuangalia uso wa bibi mpaka aone limeingia. Kama halijaingia, alilisema tena. Kwake yeye, neno lisilofika lilikuwa sawa na neno lisilosemwa.

Ila pamoja na sikio hilo alipewa moyo wa wasiwasi. Watoto wakichelewa kurudi shuleni, alikuwa mlangoni. Mume wake, fundi wa friji, ambaye sebule yao haikukosa friji mbili tatu za watu zikisubiri gesi, alikuwa amemzoea.

"Mke wangu huyu," aliwaambia wateja, "simu ikilia mara moja anauliza nani kafa. Ikilia mara ya pili anauliza kazikwa wapi."

Wateja walicheka, na Sikio alicheka nao, huku jicho lake likiwa kwenye simu.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Ilikuwa mchana, jua likiwaka, ingawa wao mle ndani hawakuliona. Nyuma ya kioo alikaa mwongozaji wa ndege, kijana mpana wa mabega aliyezoea kutafuna kijiti cha meno tangu aache sigara. Yeye ndiye aliyeamua ndege ipi iende wapi na kwa kimo gani. Maamuzi yake yalitokea kwenye kompyuta ya Sikio, na Sikio aliyasoma kwa marubani. Rubani naye alipaswa kurudia kila neno alilosikia, na Sikio akathibitisha. Mpaka athibitishe, ujumbe ulihesabiwa haujafika.

Redioni alikuwapo rubani wa ndege kuukuu ya mizigo, isiyo na setilaiti, mkongwe ambaye Sikio alikuwa akizungumza naye kwa miaka mingi bila kumwona hata siku moja. Rubani alimwita dada, naye Sikio akamwita kaka.

"Dada yangu, mbele huku mawingu yamesimama kama ukuta," alisema kaka, sauti ikipanda na kushuka. "Naomba nipande juu yake kabla hayajanitia adabu."

"Subiri, kaka. Naulizia."

Mwongozaji alitazama mpangilio wake, akahamisha kijiti upande wa pili wa mdomo. Kulikuwa na tatizo. Ndege ya abiria ilikuwa ikija kutoka upande wa pili kwenye njia ileile, na kimo chake kilikuwa katikati ya kimo alichokuwapo kaka na kile alichokitaka. Ili apande, ilimbidi akikatize kimo cha mwenzake mapema, wangali mbali. Mwongozaji akapiga hesabu, akaandika. Sikio akabonyeza kitufe na kusoma kwa utulivu kama ilivyo kazi yake:

"Ndege ya mizigo, una ruhusa ya kupanda hadi kimo cha juu ulichoomba. Uwe umekwisha kupita kimo cha katikati kabla ya saa nane na robo. Usipoweza, baki ulipo."

Akaachia kitufe, asikilize majibu.

Hakusikia kitu.

Si kwamba kaka hakujibu tu. Mikwaruzo yenyewe ilikuwa imekufa. Ule mvumo ambao Sikio aliuzoea kama mtu anavyozoea pumzi yake, radi za mbali, vipande vya vituo vya watu wengine, vyote vilikuwa vinadidimia, vinadidimia, kisha basi. Ilikuwa kama mtu amemzika mchangani.

"Ndege ya mizigo, rudia ujumbe."

Kimya.

Akajaribu tena. Akaita ndege ya abiria. Akaita ndege nyingine zilizokuwa njiani, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyeitika. Alimpigia simu fundi wa mitambo, naye akajibu baada ya muda kwamba mtambo ni mzima kabisa, unarusha kama kawaida, labda yeye aangalie hedifoni zake. Akabadilisha hedifoni. Kimya kilikuwa kilekile.

Mwongozaji alikwisha kutoka nyuma ya kioo.

"Alirudia ujumbe?"

"Hakurudia."

"Alisikia mpaka wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo Sikio alikuwa analikimbia. Wakati anasoma alikuwa amebonyeza kitufe, na mtu akibonyeza kitufe hasikii kinachoendelea upande wa pili. Sauti yake ilianza safari nzima na mahali fulani njiani ikazama. Kwenye neno lipi? Kama kaka hakusikia lolote, heri. Kama alisikia yote, heri pia. Lakini kama alisikia "una ruhusa ya kupanda" na baada ya hapo hakusikia tena…

"Sijui," alisema. "Sijui alisikia mpaka wapi."

Kijiti kilivunjika mdomoni mwa mwongozaji. Alirudi mbio kwenye simu kutafuta ofisi ya kampuni ya ile ndege ya abiria. Ndege hiyo ilikuwa na chombo cha kupokea maandishi kupitia setilaiti, na ofisi yake ingeweza kuiandikia ikae pembeni ya njia. Sikio alimwona kupitia kioo akisema, kisha akinyamaza, kisha akiufumba mkono na kuugonga mezani taratibu. Walikuwa wamemwambia asubiri kidogo.

Hapo ndipo mlango ukafunguliwa na Bwana Mawingu akaingia. Huyu alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa mwenye ofisi mwisho wa korido, mzee wa miwani ambayo muda wote ilikaa kwenye paji la uso, si machoni. Kwa kawaida aliingia akiomba sukari.

"Redio zenu zimekufa?" aliuliza.

"Umejuaje?"

"Jua limelipuka."

Sikio alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Wasiwasi wake, ambao kwa miaka yote ulikuwa umezunguka magari, nyaya za umeme na mafuriko ya mvua, haukuwahi kufika huko.

"Limelipuka vipi? Si tungekuwa tumekwisha?"

"Si lote. Sehemu tu. Lile jua ni gesi ya moto yenye sumaku ndani yake, na haizunguki kwa mwendo mmoja. Katikati inakwenda haraka, juu na chini inakokota miguu. Basi zile nyuzi za sumaku zinasokotana kama mpira unaosokotwa na mtoto. Zinakaza, zinakaza, mwishowe zinakatika na kuungana upya. Nguvu iliyokusanywa siku nyingi inaachiwa kwa mara moja. Mlipuko wa namna hiyo ukiukusanya na kuuweka kwenye—"

"Mzee," Sikio alimkata, "nina watu wangu juu huko. Niambie redio inahusikaje."

Bwana Mawingu akashusha miwani, ishara kwamba sasa anaongea na mtu mzima mwenzake.

"Mlipuko umemwaga eksirei. Zinasafiri na mwanga, kwa hiyo zimefika pamoja na habari zake. Hakuna wa kukuonya. Zimepiga hewa ya juu upande huu wenye mchana, na hewa ikajaa chembe za umeme mpaka chini kuliko kawaida. Mawimbi yako kwa kawaida hupita pale yakaenda kudunda juu zaidi. Sasa hayafiki. Yananyonywa njiani kama maji kwenye sponji."

"Mpaka lini?"

"Nusu saa. Pengine saa nzima. Pengine zaidi."

Sikio alitazama saa ya ukutani. Zile ndege mbili zingekutana kabla ya hapo. Kwa muda akili yake ikagoma kabisa. Aliwaza bila kutaka juu ya watu wa ile ndege ya abiria, mtu amevua viatu, mwingine anamlazimisha mtoto ale. Halafu akamwona kaka asiye na sura, mkono wake uko kwenye usukani.

"Yananyonywa yote sawasawa?" aliuliza ghafla.

"Hapana. Masafa ya chini ndiyo yanayozama kabisa. Ukihamia masafa ya juu, hayo yananyonywa kidogo, na ndiyo yanayoamka kwanza."

Hilo Sikio alilijua. Alifundishwa chuoni, akafanyiwa na mtihani, na hofu ilikuwa imelifuta kichwani kama ubao. Kila rubani hupewa masafa mawili, ya kwanza na ya akiba, na siku hiyo yale ya akiba yalikuwa ya juu zaidi. Kaka alikuwa mkongwe. Akimkosa huku, atamtafuta kule.

Akahamia huko, akaanza kuita bila kungoja jibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa aliyezimia.

"Usipande. Ndege ya mizigo, usipande. Baki ulipo. Kama unanisikia, usipande, baki ulipo."

Alilisema mara nyingi mno. Alilisema mpaka maneno yakapoteza maana na kubaki sauti. Bwana Mawingu alisimama nyuma yake bila kujua aweke wapi mikono. Mwongozaji akatoa kichwa mlangoni: "Kampuni wametuma maandishi. Ndege ya abiria haijajibu bado." Akarudi. Saa nane na robo ilifika, ikapita. Mshale wa saa ulikuwa na mlio mdogo ambao Sikio hakuwahi kuusikia, yeye na masikio yake yote.

"Usipande. Baki ulipo."

Sauti ilimkauka. Bwana Mawingu akamsogezea kikombe cha maji, akanywa huku kidole kiko kwenye kitufe. Aliogopa kunyamaza. Ilimjia fikra ya kijinga kwamba maadamu anaongea, zile ndege bado zimo angani.

Kisha, alipoachia kitufe avute pumzi, mbali sana akasikia kitu kama mtu anayekunja karatasi katika chumba cha tatu. Akainua mkono, watu wanyamaze, ingawa hakuna aliyekuwa akisema. Karatasi ikakunjwa tena. Mkwaruzo. Radi ya mbali. Halafu sauti nyembamba iliyokuwa ikimwita, pengine kwa muda mrefu:

"…dada, unanipata? Dada, unanipata?"

"Nakupata, kaka! Kimo chako! Nipe kimo chako!"

"Kilekile cha mwanzo. Sijapanda."

Sikio akaandika kimo hicho, akakipigia mstari. Mwongozaji, aliyesikia kupitia spika, alikaa chini sakafuni, juu ya lile zulia, kama mzigo uliotuliwa.

"Nilisikia nina ruhusa ya kupanda," kaka aliendelea. "Halafu kimya. Nilikwisha kushika usukani, dada, sitakuficha. Mawingu yale yalikuwa yanatisha. Nikarudia ujumbe, hakuna aliyenithibitishia. Nikasema basi, huyu dada hajaniachia. Tukapita humohumo ndani. Msaidizi wangu hapa ametapika na chai yake imebandikwa darini."

"Nilikuwa nakuita kwenye masafa ya akiba. Hukunisikia?"

"Nilipata kipande. 'Usi…' Tumekaa tunabishana: usi nini? Usihofu? Usilale?"

Baadaye kidogo ikaja habari kwamba ndege ya abiria ilipokea maandishi, ikakaa pembeni ya njia, na rubani wake alitaka kujua kuna nini. Abiria hawakujua hili wala lile.

Zamu ilipoisha Sikio alitoka nje akasimama kwenye maegesho ya magari. Jua lilikuwa palepale, limeinama kidogo upande wa magharibi, linakausha matambara ya mwosha magari. Halikuonyesha alama yoyote. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Nyumbani alimkuta mume wake amepiga magoti nyuma ya friji, tochi mdomoni. Alimsimulia yote amesimama. Mume akaitoa tochi, akaizima, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakutania.

"Umekula?" aliuliza tu.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Bwana Mawingu, kwa nia njema, alikuwa amemweleza kwamba mlipuko kama ule wakati mwingine hutupa pia wingu zito la chembe linaloweza hata kuzima umeme, nalo haliendi haraka kama mwanga. Huchukua siku moja, mbili au tatu kufika, kama litakuja upande wetu. Sikio hakusubiri. Alijaza maji ndoo zote, akachaji simu zote, akawakataza watoto kufungua friji ovyo.

Mume wake alitazama msururu wa ndoo uliotoka jikoni mpaka ukumbini.

"Mke wangu, haya maji ni ya kwenda kulizimia jua?"

Sikio alicheka mpaka akakaa kitako, halafu kicheko kikageuka kilio, na mume akaketi naye sakafuni katikati ya ndoo. Wingu lenyewe, alivyoambiwa baadaye, lilipita kando likaenda zake.

Sikio alimwambia mkuu wa kituo kwamba anataka kuacha kazi. Mkuu akampa mapumziko, akamsihi afikirie. Katika mapumziko hayo, badala ya kukaa mbali, kila asubuhi alikuwa akienda ofisi ya Bwana Mawingu kutazama picha ya jua ya siku hiyo. Alijifunza kutambua madoa meusi, na yale yaliyokaa vibaya. Mzee alifurahi kupata msikilizaji, na mtu huyu akifurahi hakuwa na breki. Alimweleza kwamba jua letu halitakufa kwa kulipuka, ni dogo mno kwa kifo cha aina hiyo. Zinazolipuka ni nyota nzito mara nane au zaidi: kuni zinapoisha, kiini kimegeuka chuma, na chuma hakiongezi moto wowote, uzito unashinda, kiini kinaporomoka kwa chini ya sekunde moja, na nyota nzima inapasuliwa. Kinachobaki ni mzoga mdogo kama mji, mzito kuliko jua. Na mzoga wa namna hiyo uliwahi kutikisika tu, huko upande wa pili wa kundi letu la nyota, na hewa yetu ya juu hapa duniani ikaharibika kwa muda.

"Mzee," Sikio alisema, "mimi nilikuja kwa ajili ya hili moja. Hizo nyingine ungeniachia."

Usiku huo hakupata usingizi kwa ajili ya mzoga wa nyota.

Kikao cha kuchunguza tukio kiliitwa. Walisema hakuna mwenye kosa, kanuni zilifuatwa, rubani alifanya sawa. Walikuwa wanakusanya makaratasi yao Sikio alipoomba kusema.

"Tunatoa ruhusa kwanza, sharti baadaye," alisema. "Ujumbe ukikatika, ruhusa imefika na sharti limepotea. Tugeuze. Sharti litangulie: usipande isipokuwa utawahi muda fulani. Ukikatika hapo, mtu anabaki ameshikwa, hajaachiwa."

"Ruhusa kwanza ndivyo tunavyosema miaka yote," alisema mmoja wa wakubwa. "Na rubani haruhusiwi kutenda bila kuthibitishiwa."

"Najua. Kaka yule mkono wake ulikuwa kwenye usukani."

Wakabishana. Mwongozaji, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi, akasema yeye ataandika hivyo kuanzia kesho, atakayemkataza amkataze kwa maandishi. Hakuna aliyemkataza. Chumba chao kikaanza kusema hivyo, na baada ya muda ikazoeleka.

Sikio alirudi kwenye kiti chake. Wasiwasi haukumtoka. Msimu wa madoa ya jua ulikuwa bado umepamba moto, na kila mvumo ulipopungua kidogo masikioni, aliongeza sauti ya hedifoni. Miezi kadhaa baadaye, mchana tena, ilitokea. Alikuwa akisoma ujumbe kwa ndege nyingine ya mizigo, rubani mgeni mwenye haraka, na alipoachia kitufe akakuta kimya kile anachokijua. Mwongozaji aliinuka nyuma ya kioo.

"Alisikia mpaka wapi?"

"Sijui," Sikio alisema. "Lakini nilianza na usipande."

Akahamia masafa ya akiba, akaanza kuita, kwa wasiwasi uleule wa siku zote. Kimya cha safari hii kilikuwa kifupi. Sauti ziliporudi, kila ndege ilikuwa mahali pake, na yule rubani mgeni alikuwa amekasirika kwamba amecheleweshwa. Sikio alimwomba radhi kwa adabu, akamthibitishia ruhusa yake, akamalizia zamu. Alifika nyumbani jua likiwa bado kali, akajitupa kitandani bila kufunga pazia, akalala fofofo mpaka watoto wakaja kumwangalia kama anapumua.